PUMU NA DAWA ZA KUVUTA: INHELA YA BULUU PEKE YAKE HAITOSHI

Mwezi wa Novemba, mahindi yanapovunwa katika Trans Nzoia, ofisi yetu hujaa watu wenye shida za magunia, za kukausha na za bei. Katika msimu mmoja wa namna hiyo alifika mzee mmoja kutoka skimu ya jirani. Alikuwa ameshinda siku mbili kando ya mashine ya kupukuchua mahindi. Kabla hajamaliza kunieleza haja yake, maneno yalianza kumkatika. Alishika ukingo wa meza, mabega yakapanda juu, na kifua chake kikaanza kulia kama filimbi. Akatoa mfukoni inhela ya buluu, akaibonyeza mara moja, mara ya pili, mpaka mara nane. Ilitoa mlio wa hewa tu. Dawa haikuwamo.

Mzee yule hakufa, kwa sababu jirani yake alikuwa na pikapu nje na hospitali haikuwa mbali. Alipopona alirudi kwa ile haja yake ya magunia, nami nikamwuliza habari za dawa. "Karani," akaniambia, "mimi si mtu wa kupuuza ugonjwa. Kila wiki mbili nanunua inhela mpya." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu asemavyo kwamba amepalilia shamba lake mara mbili. Nami nilimsifu. Baadaye nilipozungumza na tabibu wa kituo cha afya nilijua kwamba nilimsifu kwa jambo lililopasa kututia hofu sote wawili.

Tupige hesabu kidogo. Kikopo cha kawaida cha salbutamol, yaani ile dawa ya buluu, kina mivuto 200. Mtu anayekimaliza kwa siku 15 anavuta mara 13 hivi kila siku, na kwa mwaka anamaliza vikopo 24. Sasa angalia wanavyosema madaktari wa jopo la kimataifa la pumu liitwalo GINA, lililoanzishwa mwaka wa 1993. Wanasema kwamba mgonjwa anayetumia vikopo 3 au zaidi vya dawa hii kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya na kupelekwa hospitali. Na anayefikia vikopo 12, yaani kimoja kila mwezi, hatari yake ya kufa inaongezeka. Mzee wetu alikuwa amepita hesabu hiyo mara mbili, na bado alidhani anajitunza vizuri.

Kwa hiyo mwezi huu tutaacha habari za mbolea na mbegu, tujifunze habari za dawa za pumu ambazo huvutwa kwa kinywa. Watu wengi wa skimu zetu, tangu Endebess na Kwanza mpaka Naitiri na Tongaren, wanajua moja tu, nayo ni hiyo ya buluu. Ziko nyingine, na kwa wagonjwa wengi hizo nyingine ndizo zenye kazi kubwa.

UGONJWA WENYEWE

Hewa huingia katika mapafu kwa mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kila tawi likiwa jembamba kuliko lililotangulia. Kwa mwenye pumu mambo matatu hutokea katika mirija hiyo. Nyama inayozunguka mrija hujikaza na kuubana. Ngozi ya ndani ya mrija huvimba. Na tena hutoka ute mzito unaoziba nafasi iliyobaki. Ndiyo sababu mgonjwa hupiga filimbi anapotoa pumzi, hukohoa usiku wa manane na kabla ya mapambazuko, na husikia kama kwamba amefungwa kamba kifuani.

Dawa ya buluu huilegeza ile nyama iliyojikaza. Huanza kazi kwa dakika chache, na nguvu zake hukaa muda wa saa 4 mpaka 6. Kazi hiyo ni njema sana na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini uvimbe wa ndani haiugusi. Mgonjwa anapata nafuu, anarudi kwenye mahindi yake, na huku nyuma uvimbe unaendelea. Kesho anahitaji mivuto zaidi, na kesho kutwa zaidi tena, mpaka siku moja uvimbe na ute vinaziba kabisa na ile ya buluu haifui dafu.

Mwenye ng'ombe wa gredi ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Hungoji mpaka ng'ombe aanguke kwa ndigana ndipo utafute sindano. Humpeleka joshoni kwa siku yake, hata kama humwoni kupe hata mmoja katika masikio yake, kwa sababu unajua kwamba kupe wapo. Dawa ya pumu ya kuzuia ni kama josho. Dawa ya buluu ni sindano ya siku ya hatari. Mkulima anayetegemea sindano tu atapoteza ng'ombe.

MMEA WA MNANAHA NA SAFARI YA DAWA HIZI

Kuvuta dawa kwa ajili ya pumu si jambo jipya. Kuna gugu moja katika mahindi yetu ambalo kila mpaliliaji analijua: lina harufu mbaya, maua yake ni kama tarumbeta nyeupe au ya zambarau, na tunda lake lina miiba kote na mbegu ndani. Kwa Kiswahili huitwa mnanaha. Huko India watu walivuta moshi wa mimea ya jamii hii kwa ajili ya kifua, na mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza wakaichukua desturi hiyo kwao. Hata katika karne ya 20 sigara za mnanaha zilikuwa zikiuzwa katika maduka ya dawa huko Ulaya kwa wenye pumu.

Tafadhali, mtu yeyote asiende kuijaribu. Mnanaha ni sumu. Humfanya mtu aone mambo yasiyokuwapo, humkausha kinywa, humwendesha moyo mbio, na huua. Mwaka wa 2019 huko Karamoja, Uganda, ambako si mbali na sisi, mamia ya watu waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa umechanganyika na sumu ya mmea wa aina hii. Nimeitaja kwa sababu wataalamu wa dawa walichukua kiini cha namna hiyo, wakakigeuza, na katika miaka ya 1970 wakapata dawa salama iitwayo ipratropium. Hiyo huvutwa, na hospitalini huongezwa juu ya salbutamol mgonjwa anaposhikwa vikali. Basi gugu lile lilikuwa na kitu ndani yake, lakini ilichukua miaka zaidi ya mia na hamsini kukitoa bila sumu.

Kikopo chenyewe tunachokijua, cha kubonyeza, kilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1956. Inasimuliwa kwamba binti wa mkuu wa kampuni ya Riker, msichana wa miaka 13 mwenye pumu, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo kama lile la kunyunyizia nywele. Swali la mtoto likaleta chombo ambacho dunia nzima hukitumia mpaka leo.

Lakini dawa iliyotiwa katika vikopo vya kwanza, kama vile isoprenaline, haikuwa na kazi ya kuzuia. Ilifungua tu. Katika miaka ya 1960 huko England na Wales ikauzwa ya nguvu nyingi, na watu waliweza kuinunua madukani wenyewe. Vifo vya pumu vikapanda, hasa kwa vijana. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 madaktari walionywa na matumizi yakapungua, na vifo pia vikapungua. Salbutamol, ambayo ni salama zaidi kwa moyo, ilitoka mwaka wa 1969. Hata hivyo huko New Zealand balaa kama lile lilitokea tena tangu mwaka wa 1976 kwa dawa nyingine ya kufungua, fenoterol, mpaka uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1989 ulipoonyesha kosa. Mara mbili nchi zenye madaktari wengi na hospitali nzuri zilifundishwa jambo lile lile kwa makaburi.

Dawa ya kuzuia ilipatikana mwaka wa 1972: beclometasone ya kuvuta. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huenda moja kwa moja kwenye mirija ya hewa. Baadaye ikaja budesonide, na nyingine zaidi.

DAWA ZA KUZUIA

Kopo la beclometasone mara nyingi ni la kahawia, lakini usitegemee rangi. Viwanda ni vingi siku hizi na kila kimoja kina rangi zake. Soma jina lililoandikwa. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee. Likiandikwa Salbutamol, hiyo ni ya kufungua. Likiandikwa Beclometasone au Budesonide, hiyo ni ya kuzuia.

Dawa ya kuzuia huvutwa kila siku, kwa kawaida asubuhi na jioni, kwa kiasi alichoandika daktari, hata siku ambayo kifua ni safi kabisa. Haifungui kifua papo hapo, na hapo ndipo watu wengi wanapoiacha. Mtu huivuta siku mbili, haoni kitu, anasema ni dawa bandia, anairudia ya buluu. Kumbe kazi yake huonekana baada ya siku kadhaa au wiki, na nguvu yake yote huenda ikachukua miezi. Hakuna mtu anayepanda mahindi Jumatatu na kutafuta hindi Ijumaa.

Kisha kuna dawa mbili ndani ya kopo moja: budesonide pamoja na formoterol. Hii ndiyo habari kubwa ya miaka ya karibuni. Formoterol hufungua mirija upesi kama ile ya buluu lakini hukaa muda mrefu zaidi, na budesonide hutuliza uvimbe wakati huo huo. Kwa hiyo mtu mzima anaweza kuvuta chombo hicho kimoja anapobanwa, na kila anapojifungua anajizuia pia. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba njia hii hupunguza mashambulio makali kuliko ile ya buluu peke yake. Mwaka wa 2019 jopo la GINA likatoa shauri jipya: mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe tena kwa salbutamol peke yake. Ilikuwa desturi ya miaka hamsini, wakaiacha. Shirika la Afya Duniani nalo limeitia dawa hii ya pamoja katika orodha yake ya dawa za lazima.

Ina mpaka wake. Kwa kipimo cha kawaida cha mtu mzima, mivuto yote ya siku moja isizidi 12, na anayeikaribia hesabu hiyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Tena usichanganye. Kuna makopo mengine ya dawa mbili yenye salmeterol badala ya formoterol. Hayo ni ya asubuhi na jioni tu, si ya kuvuta unapobanwa. Na dawa yoyote ya kufungua ya muda mrefu, ikiwa peke yake bila steroidi, haifai kwa mwenye pumu.

Najua mtu wa Kitalale au Sikhendu atauliza: hiyo dawa ya pamoja nitaipata wapi, na kwa bei gani? Ni kweli kwamba ni ghali, na dispensari nyingi hazina. Kwa hiyo kuna njia nyingine ambayo madaktari hao hao wameikubali. Mtu asiyebanwa mara nyingi anaweza kuagizwa avute ya kahawia kila mara anapovuta ya buluu, moja ikifuata nyingine. Mwulize tabibu wako kuhusu njia hiyo, kwa jina. Na anayebanwa mara nyingi, huyo anahitaji ya kuzuia kila siku. Mzee wetu alisema ile ya kahawia ni ghali. Tukahesabu pamoja fedha za vikopo 24 vya buluu, na nauli ya hospitali, na siku nne alizolala huko mahindi yakiwa nje. Akanyamaza.

HOFU ZA WATU

Wengi huogopa inhela. Husemwa kwamba ukiianza huwezi kuiacha, au kwamba ni dawa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, afadhali vidonge. Tuangalie vidonge basi. Kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000. Mvuto mmoja wa inhela una maikrogramu 100. Kidonge kimoja basi ni sawa na mivuto 40, na yote hupitia tumboni, ikazunguka katika damu, ikatetemesha mikono na kuupiga moyo, ndipo sehemu yake ifike kifuani, tena kwa kuchelewa. Mtu anayeogopa inhela kwamba ni kali amekimbilia iliyo kubwa mara arobaini.

Inhela haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama pombe au tumbaku. Pumu kwa watu wengi ni ugonjwa wa kudumu, na ndiyo sababu dawa ni ya kudumu. Steroidi inayovutwa kwa kipimo cha kawaida ni kidogo sana kuliko ile ya vidonge. Inaweza kuleta utando mweupe kinywani au kukwaruza sauti. Dawa ya jambo hilo ni maji: kila ukimaliza kuvuta ya kuzuia, sukutua na uteme. Mama mwenye mimba asiache dawa zake za kuvuta. Pumu isiyotunzwa ni hatari zaidi kwa mtoto aliye tumboni kuliko dawa hizi.

Wengine hujifukiza kwa majani ya mkaratusi. Mvuke huo huenda ukafungua pua iliyoziba kwa mafua, sikatai. Pumu hautibu, na harufu kali yenyewe humshika mwenye pumu.

Jambo moja zaidi: si kila kifua kinacholia ni pumu. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Na mama aliyepikia moshi wa kuni miaka arobaini, au mzee mvuta tumbaku, huenda ana ugonjwa mwingine wa mapafu ambao dawa zake za kuvuta hazipangwi kwa namna hii.

NAMNA YA KUVUTA, NA CHUPA YA SODA

Dawa nzuri huharibiwa na kuvuta vibaya. Nimewaona watu wakijipulizia inhela kama wanaopulizia nyanya: kinywa wazi, wanabonyeza, na moshi wote unatoka nje. Fanya hivi. Ondoa kifuniko, tikisa kopo. Toa pumzi yote taratibu. Shika mdomo wa inhela kwa midomo yako, usiache nafasi. Anza kuvuta hewa polepole, na hapo ndipo ubonyeze mara moja, ukiendelea kuvuta polepole mpaka mapafu yajae. Funga kinywa, zuia pumzi hesabu mpaka 10. Ngoja nusu dakika kabla ya mvuto wa pili, ukatikise tena. Ikiwa inhela yako ni ya unga mkavu, mambo ni kinyume: haitikiswi, usipulizie ndani yake, na uvute kwa nguvu na kwa haraka.

Watoto, wazee, na mtu yeyote aliyekwisha kubanwa hawawezi kufuatanisha kubonyeza na kuvuta. Kwa ajili yao kuna chombo kiitwacho spesa, ambacho hukaa kati ya inhela na kinywa na kuishika dawa mpaka mgonjwa aivute. Cha dukani ni cha bei. Lakini mwaka wa 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto walioshikwa na pumu. Walilinganisha spesa ya dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500, kama hii ya soda tunayoitupa njiani. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki hakikufaa.

Kuitengeneza: chukua chupa safi ya soda au ya maji ya nusu lita. Isiwe kamwe chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu au ya magugu, hata kama imeoshwa mara mia. Chora mdomo wa inhela yako kwenye kitako cha chupa. Pasha waya moto, ukate kwa kufuata mstari, tundu liwe la kubana, wala si la kulegea. Ingiza mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi ili hewa isipite, uiache gundi ikauke kabisa. Mgonjwa hushika shingo ya chupa kinywani. Osha chupa kwa maji yenye sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa maana ukiifuta dawa hunata kwenye plastiki. Kisha bonyeza mvuto mmoja tu kwa wakati, mgonjwa apumue ndani ya chupa mara 4 mpaka 6 kwa utulivu, ndipo ubonyeze mwingine. Mtoto mdogo asiyeweza kushika kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso, na hicho muulize tabibu.

Watu huisifu sana mashine ya mvuke ya hospitalini. Ni nzuri, na kwa mgonjwa aliye mahututi ina kazi yake. Lakini kwa mashambulio mengi inhela kwa kupitia spesa hufanya kazi sawa nayo, na haihitaji umeme.

Usipime kopo kwa kulielesha majini, kama wengine wafanyavyo. Haionyeshi kweli, na huharibu. Usitegemee mlio pia, mzee wetu alisikia mlio. Andika kwa kalamu tarehe uliyolianza. Kama unavuta ya kuzuia mivuto 4 kwa siku na kopo lina 200, litadumu siku 50. Nunua jingine siku ya 45. Usiliache juani katika trekta wala karibu na jiko, kwani linaweza kupasuka.

SIKU YA KUBANWA

Mketishe mgonjwa wima, usimlaze. Mpe salbutamol mivuto 4, mmoja mmoja, kwa kupitia chupa, akipumua mara 4 kwa kila mvuto. Ngoja dakika 4. Asipopata nafuu, rudia mivuto 4, na uanze safari. Mkiwa njiani endeleeni hivyo hivyo. Mwenye dawa ya pamoja afuate alivyoandikiwa. Usingoje kupambazuke ukiona mojawapo ya haya: hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, anasinzia au kuchanganyikiwa. Na kifua kilichokuwa kikilia filimbi kikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti kabisa.

Atakapopona, ndani ya siku chache arudi kituoni ili dawa zake zitazamwe. Wengi hawarudi.

MSIMU WA MAVUNO

Mashine ya kupukuchua, ghala lenye mahindi yaliyoshika ukungu, pareto kavu, banda la kuku, moshi wa jikoni: yote haya humshika mwenye pumu. Aanze dawa ya kuzuia mapema, kwa kuwa akingoja vumbi lianze amechelewa. Mashine iwekwe nje, naye akae upande upepo unakotoka. Kitambaa usoni ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini barakoa nzuri ya vumbi ni bora. Jioni mwili ukiuma asijinunulie tu aspirini au dawa za jamii hiyo, kwani kwa baadhi ya wenye pumu zenyewe huleta shambulio.

Mzee niliyemtaja sasa anavuta ya kahawia asubuhi na jioni, na kopo la buluu alilonunua mwezi wa Aprili lilikuwa bado na dawa alipofika ofisini mwezi wa Oktoba. Kazi ya mashine amewaachia vijana wake. Yeye huketi kwenye kiti upande wa upepo na daftari, akihesabu magunia, na malalamiko yake makubwa siku hizi ni kwamba hawayajazi sawasawa.